Fika Kabla ya Kikundi: Addis Ababa, Njiani Kwenda Harar

Safari ya kikundi ina raha yake, na mimi ni mtu wa kuipenda. Unalipa mara moja, mengine yote yanapangwa na wenye kazi yao: hoteli, gari, kiongozi, chakula cha mchana. Ila kuna kipande kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii mpaka wakione kwa macho. Kampuni huanza kukushughulikia pale kikundi kinapokutana, na wewe unakuwa umeshatua zamani. Kuanzia mlango wa uwanja wa ndege hadi kikao cha kwanza, mji ni wako na wewe ni wa mji. Nataka nikisemee kipande hicho, kwa sababu kilinifaa kuliko nusu ya mambo yaliyoandikwa kwenye ratiba.

Novemba 2024, shule zilipofungwa, nilitoka Mombasa kwenda Addis Ababa kujiunga na watu nisiowajua kwa safari ya Harar. Kwetu nyumbani Harar ilikuwa ikitajwa kwa heshima, mji wa elimu na masheikh, uliozungushiwa ukuta. Sehemu hiyo ya ndani ya ukuta huitwa Jugol, na UNESCO waliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Ina misikiti 82. Nilipoona kampuni moja inatangaza safari ya kikundi, ikianzia Addis kisha ndege hadi Dire Dawa, mji wenye uwanja wa ndege ulio karibu na Harar, nikaweka pesa. Halafu nikanunua tiketi ya kufika siku moja kabla ya wenzangu. Shangazi akaniuliza, "Sasa mwanangu, siku nzima peke yako huko utafanya nini?" Nikamwambia nitaujua mji kwanza, ndipo nijuane na watu.

Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, kwa hiyo foleni ya uhamiaji ilikwenda haraka. Nilikuwa nimebeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na nakushauri uibebe. Baada ya mizigo nikatoka nje. Wapokeaji wa uwanja wa Bole huwa wanasubiri huko maegeshoni, hawako mlangoni kama Moi International, basi nikatembea na begi langu nikisoma vibao vya majina kimoja kimoja. Langu halikuwepo. Kampuni ilikuwa imeniandikia kwamba mtu atakuja. Nikapiga simu ofisini kwao, ikaita mpaka ikakatika. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba jina langu liliingizwa kwenye orodha ya kesho yake, pamoja na kikundi.

Hapo ndipo matayarisho madogo yanapolipa. Kabla ya kutoka nje nilikuwa nimeshabadilisha dola kidogo katika benki ya hapo hapo uwanjani, na nimeshasajili laini ya Ethio Telecom kwa pasipoti. Namba ya hoteli nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi, pamoja na jina la hoteli kwa maandishi ya Kiamhari, ambalo niliwaomba wanitumie wiki moja kabla. Nikawapigia hoteli. Mhudumu hakushangaa wala kulalamika, akaniambia nisimame penye taa ya pili, na gari lao likaja. Dereva alikuwa mtu mzima, na kijana wa mizigo alimwita Gashe, jina la heshima kwa mwanamume aliyekuzidi umri. Nikalidaka hilo neno nikalitumia mpaka mwisho wa safari, na kila nilipomwita hivyo alinitazama vizuri.

Karatasi yenye Kiamhari ina faida moja kubwa zaidi. Addis watu hawaelekezani kwa majina ya barabara. Wanaelekezana kwa kanisa, kwa mzunguko, kwa ubalozi, kwa jengo fulani refu. Hoteli yangu ilikuwa "nyuma ya Medhane Alem", lile kanisa kuu la Bole, na hiyo ndiyo anwani inayotosha. Na mji wenyewe ulikuwa ukibadilika usiku na mchana. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya Piassa, mtaa wa zamani kabisa, ilikuwa imebomolewa kupisha barabara pana na njia za waendao kwa miguu, na Kazanchis nayo ilikuwa ikibomolewa wakati ule ule nilipokuwa huko. Rafiki yangu aliyewahi kuishi Addis alinichorea ramani kwa mkono. Alama zake mbili hazikuwepo tena. Bei nazo vivyo hivyo. Serikali ililegeza kiwango cha birr, sarafu ya Ethiopia, mwishoni mwa Julai 2024, na dola iliyokuwa karibu birr 57 ikavuka mia moja katika wiki chache. Ushauri wowote wa bei wa mwaka uliotangulia ulikuwa hauna maana. Ndiyo maana nasema uliza mtu aliyeko huko leo, hata kama ni mhudumu wa hoteli tu.

Jambo ambalo mtu wa pwani analihisi haraka ni mwinuko. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mimi nimetoka pale maji yanapogusa ukuta. Ngazi za hoteli zilinifanya nisimame nipumue. Kichwa kiliuma jioni ile, chepesi lakini cha kuendelea. Nilikunywa maji mengi, nikala mapema, nikalala. Wenzangu waliofika kesho yake jioni na kuamshwa alfajiri kwenda kupanda ndege nyingine walilipia hapo. Mmoja alitapika uwanjani. Ingekuwa sababu hiyo peke yake, siku ya ziada ingekuwa imeshajirudishia gharama.

Nililala mapema lakini si kabla ya kahawa. Chini ya hoteli, kwenye kibaraza, kulikuwa na mama aliyetandaza majani mabichi sakafuni na kuweka kiti kidogo, jiko la mkaa na sinia la vikombe visivyo na mikono. Aliosha buni mbichi, akazikaanga kwenye bapa la chuma akizitikisa bila kuacha, mpaka zikageuka rangi na kuanza kutoa mafuta. Kisha akainuka na bapa lenyewe likifuka moshi, akampitishia kila mmoja aliyekaa pale, na wewe unauvuta ule moshi kwa mkono kuelekea usoni. Kwa kuwa watu walimpa heshima ile, nami nikafuata walivyofanya. Zikatwangwa kwenye kinu, zikaingia kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo ndefu, na kahawa ikamiminwa kutoka juu kwa mkondo mwembamba usiokatika. Bisi zikaletwa kwenye kikapu. Huwa ni mikupuo mitatu: wa kwanza abol, wa pili tona, wa tatu baraka, na kuondoka kabla ya ule wa tatu si adabu. Sisi Mombasa tunainywa kahawa chungu, tunaijua, tunaibishania. Lakini kuiona tangu ikiwa punje mbichi mpaka kikombeni, katika nchi ambayo kahawa ndiko kwake, kulinifanya nitulie mahali pale kama niliyealikwa. Yule mama alinisemesha Kiamhari muda wote. Dada aliyekaa kando yangu akamwambia mimi ni mgeni, mama akacheka, akaniangalia vizuri, akaendelea na Kiamhari chake.

Hili la kudhaniwa mwenyeji lilinifuata Addis nzima, na lina pande mbili. Bei ya sokoni huanza chini kidogo. Lakini unapokaa kimya, mtu anadhani unamdharau. Nikajifunza mapema kutanguliza salamu na kusema natoka Kenya, na nyuso zikafunguka.

Asubuhi niliamshwa na sauti za ibada kutoka Medhane Alem, kabla ya mwanga, kwa vipaza sauti. Mtu aliyekulia karibu na msikiti hawezi kuudhika na hilo. Niliswali, nikateremka kupata kifungua kinywa, na kwenye meza ya dirishani nikasikia mzee mmoja akizungumza kwa simu: "Nimefika salama, mwambie mama yako asiwe na wasiwasi." Nikangoja amalize.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Kumbe na wewe? Umetokea wapi, binti yangu?"

Alikuwa mstaafu kutoka Moshi, na alikuwa kwenye kikundi hicho hicho cha Harar. Naye alifika mapema, kwa sababu yake mwenyewe. Alitaka kuiona Africa Hall. Mei 1963, viongozi wa nchi 32 walikutana humo wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwao kwa niaba ya Tanganyika. Mzee alikuwa mtoto wa shule, alisikia habari hiyo kwenye redio ya jirani. Na Februari 2024 sanamu ya Mwalimu ilizinduliwa katika makao makuu ya Umoja wa Afrika. "Ratiba yao haina hata kimoja katika hivyo," akaniambia. "Nimeipekua yote. Ni Harar tu na fisi wake wanaolishwa usiku." Alisema bila hasira. Nikamwambia twende wote.

Tulipanda gari dogo la buluu na nyeupe, ndugu wa matatu. Makanga anaita jina la mwisho wa njia kwa kasi moja mpaka linakuwa wimbo, na Gashe wa hoteli alikuwa ametufundisha vitu viwili tu: jina la mahali pa kushukia, na kusema "woraj alle" unapotaka kushuka. Mzee alilisema kwa sauti ya mkutano wa kijiji, abiria wote wakageuka, gari likasimama. Africa Hall tuliitazama kwa nje, kwa walinzi wenye heshima waliotueleza kuwa kuingia kunahitaji kuomba mapema. Mzee alivua kofia. Alisimama pale muda mrefu kiasi kwamba mlinzi mmoja alimletea kiti. Makao makuu ya Umoja wa Afrika nayo hayaingiwi hivi hivi. Kama una shauku hiyo, andika barua pepe kabla ya kuondoka kwako, kiongozi wa watalii hawezi kukufungulia lango kwa kulishtukiza. Mzee hakuiona sanamu. Alisema atarudi na mjukuu wake, na nilimwamini.

Kutoka hapo tukaenda Makumbusho ya Taifa, pale Amist Kilo, kumwona Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambaye wenyewe wanamwita Dinknesh. Mifupa yake iligunduliwa Hadar, katika jimbo la Afar, Novemba 1974, na umri wake ni takriban miaka milioni 3.2. Inayoonyeshwa ni nakala. Mifupa halisi inahifadhiwa. Ni mdogo mno. Mzee alimwekea kiganja karibu na kioo kupima urefu, akasema tu, "Mtoto wa darasa la kwanza."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga: hawali nyama, mayai wala maziwa. Kwa Mwislamu mgeni hii ni nafuu kubwa. Ethiopia Wakristo na Waislamu hawanunui nyama bucha moja, na mgeni hajui kutofautisha kwa haraka mpaka azoee kuangalia msalaba au mwezi mlangoni. Lakini ukiagiza chakula cha mfungo, hiyo shida haipo. Tuliletewa injera pana, ule mkate wao mwembamba wa chachu, iliyopangwa marundo ya dengu, shiro (rojo zito la unga wa jamii ya kunde), mboga za majani, viazi vyekundu, kabichi. Tukala sahani moja, mimi na mzee wa Kichaga wa Kilutheri, kwa mkono wa kulia, na mwenye mkahawa akatuongezea injera bila kuombwa.

Basi kikundi kilipokutana jioni ile hotelini, sisi wawili hatukuwa wageni wa mji tena. Tulijua maji yanauzwa wapi, gari la Bole linaitwaje, birr mia ina uzito gani. Na hili naliona ni jambo la maana kwa safari ya kikundi kuliko inavyosemwa. Mtu aliyeshuka ndege na kuangukia moja kwa moja mikononi mwa kiongozi hubaki hapo: kila swali kwa kiongozi, kila kuvuka barabara nyuma ya kiongozi. Kiongozi naye huchoka, na akichoka hutoa maelezo mafupi. Kadiri watu wanavyojimudu katika yale madogo, ndivyo anavyobaki na pumzi ya kuwaambia makubwa.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mpole. Alitusomea ratiba, akajibu maswali, akaenda kwake. Nusu saa baadaye mhudumu alibandika karatasi kwenye ubao: kikundi cha Harar, gari 1:00. Wadada wawili wa Kijerumani, mtu na nduguye, waliisoma wakatazamana. Tiketi zao za Dire Dawa ziliandikwa ndege inaondoka saa tatu na dakika kumi asubuhi, yaani 9:10 kwa saa ya kimataifa. Kwao 1:00 ilikuwa saa saba mchana. Wakaona bila shaka ndege imesogezwa mbele, na tayari walishaanza kupanga asubuhi ya kutembea Merkato, soko kubwa la Addis. Walimpigia kiongozi, simu yake imezimwa. Walikuwa na kila sababu ya kuelewa walivyoelewa.

Mimi na mzee tulipoitazama ile karatasi hatukuona utata wowote. Waethiopia huhesabu saa kama sisi Waswahili tunavyohesabu: siku inaanza jua likichomoza, na saa ya kwanza baada ya hapo ni saa moja. Na majira yao ni yale yale ya Nairobi na Dar es Salaam, saa tatu mbele ya Greenwich. Kwa hiyo 1:00 ni saa moja asubuhi, wazi kabisa, saa mbili kabla ya ndege. Ila mhudumu aliiandika kwa tarakimu na kwa Kiingereza, na hapo ndipo mgeni anapopotea. Niliwaeleza wale wadada kwa kuchora duara la saa nyuma ya risiti. Kisha nikawaonyesha tarehe ya risiti yenyewe, kwa sababu nilijua itafuata kuwachanganya: mwaka 2017. Kalenda yao ina miezi 13 na mwaka mpya wao huingia Septemba, hivyo Novemba wako nyuma yetu kwa miaka saba. Mkubwa wao aliniuliza kama kuna kitu kingine anachopaswa kujua usiku huo. Nikamwambia anywe maji, alale.

Tangu hapo, kila nilipotajiwa muda na mtu yeyote nchini Ethiopia niliuliza swali moja: ya Habesha au ya ferenji? Ya kwao au ya wageni? Hakuna anayekasirika. Tiketi za ndege hufuata ya wageni. Dereva, mhudumu, mlinzi wa makumbusho, mwenye duka hufuata ya kwao, isipokuwa wale waliozoea watalii, ambao hubadilisha kwa ajili yako bila kukwambia, na hao ndio wa kuulizwa mara mbili. Hata Mswahili anaweza kukosea hapo, maana akikuhurumia akakupa ya wageni, wewe utaichukua kuwa ya kwenu.

Asubuhi saa moja gari lilikuwa mlangoni na wote tulikuwemo. Uwanjani ukaguzi ni mara mbili, viatu vinavuliwa, kwa hiyo saa mbili za nafasi si nyingi. Ndege hadi Dire Dawa ni kama saa moja. Unashuka na joto linakupokea, na mimi wa pwani nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Kutoka hapo barabara inapanda milimani, inapita Awaday, mji wa soko la miraa, mafungu yamefunikwa majani ya migomba na magari yakipakiwa mbio mbio. Mtu aliyewahi kuona Maua kule Meru hahitaji kuelezwa.

Mmoja wa wale wadada alimuuliza dereva tutafika Harar saa ngapi. Dereva akainua vidole sita. Mdada akageuka kunitazama.

"Adhuhuri," nikamwambia. "Saa sita."

Mzee wa Moshi akaongeza kwamba akipenda anaweza kuandika 12:00 kwenye daftari lake, maana ni saa ile ile, na akamsaidia kugawanya ukurasa sehemu mbili kwa mstari: saa za dereva upande mmoja, saa za tiketi upande wa pili. Tulipokaribia Harar kurasa za ratiba yote iliyobaki zilikuwa zimejazwa hivyo, hadi ndege ya kurudi. Kiongozi aliomba alione lile daftari, akalipiga picha kwa simu yake, akasema atalitumia kwa kikundi kijacho.